Bei Haijapanda, Fungu Limepungua

Mama akinipigia simu kutoka Kisauni, Mombasa, hamalizi salamu kabla hajauliza unga huku ni pesa ngapi. Hana mpango wa kuja kuununua. Anataka kujua kama mwanawe aliyehamia Tanzania anakula kwa nafuu kuliko yeye, na akishajua, habari hiyo huitumia kwa majirani siku nzima. Mwezi ukiwa mzuri huwaambia, "Mtwara sukari ni rahisi, nyinyi endeleeni kuibiwa hapa." Ukiwa mbaya huwaambia, "Hata Mtwara imepanda, msiilaumu serikali peke yake." Nimegeuka shahidi wake wa bei, nami kwa kuwa ni karani kwa kazi na kwa tabia, nimezoea kuandika bei kwenye daftari ili nisimpe ushahidi wa uongo.

Nilikuja Mtwara mwaka 2019, kazi ya kuhesabu na kuandikia mizigo bandarini. Kwa mtu wa Mombasa, huku ni pwani ileile ikiendelea kusini. Minazi ipo, kanzu za Ijumaa zipo, samaki wa kupaka yupo, na hata porojo za barazani ni zilezile. Ugeni niliuona siku ya kulipa kodi ya nyumba. Kwetu mtu hulipa mwezi kwa mwezi, na mwanzoni huweka amana kidogo. Mwenye nyumba wangu, mzee mpole wa hapa Chikongola, aliniambia, "Mwanangu, sisi huku ni miezi sita, ukijaaliwa mwaka." Tulivutana, akakubali miezi mitatu, nikaenda zangu nikijisifu kwamba watu wa Mombasa tunajua kupatana. Sababu ya kukubali kwake niliielewa baadaye, na haikuhusu ufundi wangu.

Kila Mkenya anayehamia huku huanza maisha kwa kugawanya. Mwaka ule shilingi moja ya Kenya ilikuwa inakwenda kwenye 22 za hapa. Basi chapati ya 300 ilikuwa kwangu shilingi 14, wali na samaki wa 2,500 haukufika 115. Nikawa naona kila kitu cha bure, natoa noti ya elfu kumi kama mtu aliyeokota. Hesabu ile haina kosa kwa mtu anayepita wiki moja na mshahara wa Mombasa mfukoni. Mimi nalipwa kwa shilingi za Tanzania, na mshahara wangu ukigawanywa kwa 22 nao unanywea vilevile. Baada ya miezi michache niliacha kugawanya nilipokwenda sokoni. Nikabaki kugawanya kwa jambo moja tu, pesa ninazomtumia mama.

Na hapo napo pana vituko. Nimezoea kumtumia laki moja ya Tanzania kila mwezi kwa simu. Shilingi ya Kenya ilikuwa ikiporomoka mbele ya dola mwaka mzima wa 2023, mpaka Januari 2024 dola moja ikafika kwenye shilingi 160 za Kenya. Ya Tanzania nayo ilishuka, lakini si kwa kasi ile. Laki yangu ambayo zamani ilimfikia mama kama 4,500, sasa ikawa inafika elfu sita na ushei. Mama akanipigia kwa furaha: "Umepandishwa cheo, na hukutuambia?" Nikamjibu sikupandishwa, akadhani naficha. Februari serikali ya Kenya ikauza hatifungani mpya, yaani hati ya mkopo, ya dola bilioni 1.5 ili kulipia sehemu ya deni la dola bilioni 2 lililokuwa likiiva Juni, hofu ikapungua, na kabla ya katikati ya mwaka dola ilikuwa imerudi kwenye 130. Laki ni ileile, inayofika imepungua. Mama alikaa kimya siku kadhaa, halafu akauliza taratibu kama nimeoa.

Nilijaribu kumweleza habari za hatifungani. Akaniambia mke akiwepo, yupo, hakuna haja ya kuzunguka.

Miezi ileile ambayo mama alikuwa akineemeka, mimi huku nilikuwa nakunywa chai kavu. Mvua za El Niño zilizuia viwanda kuvuna miwa, sukari ikaadimika nchi nzima. Januari 2024 Bodi ya Sukari ilitangaza bei elekezi, rejareja iwe kati ya 2,700 na 3,200 kwa kilo kulingana na eneo. Niliichukua orodha ile kwenye simu nikaenda nayo dukani. Mwenye duka aliisoma yote, kwa utulivu, akanirudishia simu yangu, akaniambia kilo ni elfu nne na mia tano, na zimebaki tatu.

Lakini sukari hupimwa kwenye mizani, na kitu cha mizani kikipanda bei kila mtu anakiona. Shule yangu hasa ilikuwa gengeni.

Genge la mtaani kwetu halina mizani. Lina meza, na juu ya meza pana mafungu: nyanya, vitunguu, bamia, bilinganya, ndimu, pilipili, na pembeni dagaa. Kila fungu lina bei ya sarafu moja au noti moja, yaani mia mbili, jero (mia tano), buku (elfu moja). Kwenye daftari langu, mwaka wa kwanza, fungu la nyanya la mia tano lilikuwa na nyanya tano za wastani. Kikaja kipindi cha nyanya nne. Kikafuata cha tatu kubwa na moja ndogo ya kutuliza roho. Siku hizi ni tatu, na ya tatu imelazwa upande wake wa kidonda. Bei imebaki palepale, jero, miaka yote hiyo. Mtu akiniuliza nyanya Mtwara zimepanda, kwa ulimi naweza kuapa hazijapanda.

Siku moja nilimuuliza dada wa genge kwa nini asibakishe nyanya tano akaniuzia mia nane.

"Mia nane utanipa ipi, Mkenya?" akaniuliza. "Utanipa buku, nikutafutie mia mbili ya chenji, sina. Halafu yule mtoto aliyetumwa na mama yake na jero mkononi, nimrudishe? Atakwenda kwa mwenzangu." Akapanga upya fungu lake. "Bei haijapanda, kaka. Fungu limepungua."

Nilipiga hesabu usiku ule. Nyanya tano kwa mia tano ni shilingi mia kila moja. Tatu kwa mia tano ni mia na sitini na kitu. Hiyo ni nyongeza ya theluthi mbili, na hakuna aliyetangaza. Ofisi ya Taifa ya Takwimu ilitoa mfumuko wa bei wa mwaka 2024 kuwa wastani wa asilimia 3.1, na sina ugomvi nayo. Wao wanahesabu nchi nzima na kikapu chenye nauli, nguo, kodi na vingine vingi. Ila mwanamke anayekwenda gengeni na jero mkononi hanunui kikapu kile. Yeye anaona mchuzi wake ulivyokuwa mwepesi.

Kwa maandazi mambo huenda kwa hatua. Andazi la mia hubaki la mia, linanywea mwezi hadi mwezi, mpaka siku moja mwenye kuuza anaona aibu, analirudisha ukubwa wake wa zamani na kusema sasa ni mia mbili. Siku hiyo ndipo watu hupiga kelele, ingawa kwa mizani wamelipa mia mbili tangu zamani. Mafuta ya kupikia ya kupima yana mtindo mwingine. Kikombe cha kupimia hakibadiliki, kwa hiyo hupanda waziwazi, na mwaka 2022 yalipanda kweli. Vita vya Ukraine vilianza Februari, Aprili Indonesia ikazuia mawese yake kutoka, na mimi na mama tukalalamika siku moja kwa maneno mamoja. Mwaka huo hakukuwa na ushahidi wa kumpa. Kwao pakiti ya unga ya kilo mbili ilivuka 200, huku mafuta ya kula yakageuka kitu cha kuhesabiwa kwa vijiko, na wote wawili petroli ikatuumiza.

Sasa nije kwenye jambo ambalo Mombasa nisingeweza kulijua, nalo ni korosho.

Nimesema nilikuja 2019 nikapata nyumba kwa kodi ya miezi mitatu. Msimu uliokuwa umepita, Oktoba 2018, wakulima walizikataa bei za wanunuzi mnadani kuwa ni ndogo. Novemba serikali ikaingilia, ikasema itanunua yenyewe kwa 3,300 kwa kilo, jeshi likaleta malori ya kusomba mzigo kutoka maghalani. Bei ilikuwa nzuri. Ila malipo yalikwenda kwa uhakiki, na nilipofika wapo waliokuwa bado wanasubiri. Mji ulikuwa umekauka. Mafundi wamekaa barazani, bodaboda zinagombania abiria mmoja, vyumba vina makaratasi ya "panapangishwa". Mwenye nyumba wangu ana mikorosho upande wa Kitangari. Alikubali miezi mitatu kwa sababu alihitaji pesa wiki ile, basi. Ule unafuu nilioufurahia ulikuwa ukata wa watu.

Linganisha na Oktoba 2024. Minada ya kwanza ilifunguka kwa zaidi ya 4,000 kwa kilo, bei ambayo wazee waliniambia hawakuwa wameisikia kwa miaka kadhaa. Siku hizi mnada huendeshwa kielektroniki kupitia Soko la Bidhaa, TMX, lakini wakulima hukusanyika vilevile kwenye ghala au ofisi ya chama chao cha msingi kusikiliza, na shangwe haikuwa ya kielektroniki. Pesa zikaanza kuingia kwenye akaunti. Ndani ya majuma machache foleni za benki zilizunguka majengo, pikipiki mpya zikajaa barabarani na karatasi za nailoni bado ziko kwenye viti, wauza nguo wakashuka kutoka Kariakoo na marobota yao, nyumba za kulala wageni zikajaa wanunuzi na madereva. Fundi wa kupaua hapatikani. Kila mtu anaezeka bati. Kuku wa kienyeji niliyekuwa namnunua elfu kumi na mbili akafika elfu ishirini, maana sherehe za unyago na jando zilizokuwa zimeahirishwa zilifanywa zote kwa mpigo, na sherehe bila kuku ni mkutano tu.

Ofisini tulilalamika sana. Sisi watu wa mshahara mshahara wetu haujui mnada. Nilikuwa katikati ya hotuba yangu kuhusu kuku wa elfu ishirini, nikitaja na bei ya Mombasa kwa mfano, dada mmoja mwenzetu, kwao Newala, akaweka kalamu chini.

"Huyo kuku wa elfu ishirini unayemlilia ni wa shangazi yangu," akasema. "Tangu amezaliwa hajawahi kuuza kuku kwa bei hiyo. Mwaka huu amesuka nywele saluni."

Hakuna aliyemjibu. Mimi nilimeza hotuba yangu, na tangu siku ile daftari langu lina safu ya pembeni: pesa hii iliyoongezeka imeingia mfukoni mwa nani? Bei ya kuku wa korosho, ya fundi wa korosho, ya mama ntilie aliyeongeza mia tano kwenye sahani kwa sababu wateja wamejaa, hiyo naijazia jina la mtu ninayemjua. Inaniuma mfukoni, ila najua ilikoishia, na mara nyingi ni mtaa wa pili.

Safu hiyo haijai kila mara kwa namna ya kupendeza. Mzee anayelinda geti la ofisi yetu ana mikorosho yake Nanyamba, na Oktoba ile nilimpongeza. Akacheka bila meno kuonekana. Mavuno yake alikuwa ameshayauza tangu Aprili, kwa kangomba. Asiye wa huku huenda halijui jambo hili: njaa ya masika ikibana, au mtoto akidaiwa ada, mtu anakuja na pesa taslimu, mnakubaliana nusu ya bei au chini ya hapo, na korosho zikiiva zinakuwa zake. Ni kinyume cha sheria, viongozi huikemea kila mwaka, na kila mwaka ipo, kwa kuwa Aprili mnada hauna habari na ada. Mzee alipata 1,500 kwa kilo. Bei ya elfu nne aliisikia redioni kama mimi nilivyoisikia. Lakini kuku, bati na sahani ya wali vilimpandia kama vilivyonipandia mimi, tena mimi nilikuwa na mshahara.

Kwa hiyo nikisikia mtu anasema "korosho ikipanda Mtwara nzima inafaidi," namwomba apite getini kwetu kwanza.

Mbaazi ndizo zilizonigusa mimi mwenyewe. Mtu wa Mombasa haamki vizuri bila mahamri na mbaazi za nazi, na nilipogundua kwamba Lindi na Mtwara wanalima mbaazi kwa wingi nilidhani nimefika peponi. Mwaka wa kwanza kilo nilikuwa naipata kwa mia nane. Nikashangaa wenyeji hawana pupa nazo kama sisi. Wengi huziona ni zao la kuuza, na mnunuzi mkubwa ni India. Walinisimulia jinsi Agosti 2017 India ilivyoweka ukomo wa mbaazi zinazoingia kwake, bei ikaanguka, watu wakabaki na magunia sebuleni wasijue wayapeleke wapi. Yaani zile mbaazi rahisi nilizokuwa nikizifurahia zilikuwa bado zinanuka machungu ya 2017.

Kisha India ikapungukiwa, ikafungua mlango, na kufika 2023 kilo ilivuka elfu mbili. Mama ninayenunua kwake huko Mikindani alinipimia nusu kilo kwa buku na mia mbili, nikamwangalia. "Wahindi wanazitaka, mwanangu," akaniambia huku amefurahi waziwazi, "safari hii wewe kula maharage." Nikaijaza safu yangu: mama wa Mikindani. Wiki hiyo nilikula maharage. Hayakufaa na mahamri.

Kuna kupanda kwa bei kwa aina nyingine, ambako safu ile hubaki tupu. Vitunguu, viazi mviringo, kabichi na nyanya nyingi za hapa hutoka bara, Iringa, Njombe na huko, na huja kwa lori. Barabara ya kutoka Dar es Salaam ni kama kilomita 560, nyembamba, na kwa sehemu kubwa ndiyo hiyo moja. Mwanzoni mwa Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilisomba barabara upande wa Kilwa, maeneo ya Somanga, mawasiliano yakakatika. Mabasi yakalala njiani. Waliokuwa na haraka na dizeli ya kutosha wakazungukia Songea, safari ya kuchosha mtu na gari. Gengeni kwetu kitunguu kikauzwa kimoja kimoja, kwa mara ya kwanza nikaona kitunguu bila fungu. Viazi vikatoweka, chipsi zikatoweka navyo, vijana wa kibandani wakakaanga mihogo.

Nilimuuliza dada wa genge kama angalau yeye alipata kitu. Akanionesha gunia moja la vitunguu alilolinunua kwa bei ya magunia mawili, nusu limeoza njiani. Dereva alichoma mafuta mara mbili. Mkulima wa Njombe aliuza kabichi zake kwa bei ya kutupa, maana malori hayakwenda. Tulilipa zaidi wote, na hakuna shangazi wa mtu aliyesuka nywele.

Wiki zile ndizo nilizojifunza kula Kimtwara. Samaki wa Feri walikuwepo, bahari haikukatika. Muhogo upo, kisamvu kipo, mchicha wa bustani za mabondeni upo, nazi ipo. Nikaonjeshwa na ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi ya porini ambayo watu wa hapa wakiwa Dar huagiza kwa kila basi. Fungu la muhogo halikupungua hata kipande. Kwenye daftari ukurasa ule ni wa ajabu, upande mmoja bei zimeruka, upande wa pili zimelala, na tofauti yake ni kama chakula kilivuka Rufiji au hakikuvuka.

Vitu vingine nivitaje upesi. Gesi asilia inachimbwa Mnazi Bay, si mbali na ninapoandika, na umeme wetu unatokana nayo, lakini mtungi wa kupikia hautokani na hiyo. Gesi ya mtungi ni nyingine, inaingia kwa meli kutoka nje na kuletwa huku kwa lori. Mama haelewi, nami nimechoka kumweleza, kwamba mwanawe anaishi juu ya gesi na anapika kwa mkaa kila mtungi unapokuwa ghali. Ukinunua umeme wa LUKU, ule wa kulipia kabla ya kutumia, kodi ya jengo inakatwa humohumo tangu 2021. Ilikuwa elfu moja kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na Julai 2023 ikawa elfu moja na mia tano. Jengo si langu, LUKU ni yangu. Malori ya makaa ya mawe kutoka Ruvuma, yaliyoongezeka sana tangu vita vya Ukraine vilipoifanya dunia iyatake, yamewapa mama ntilie wa njia ya Masasi wateja wa kudumu, na sahani ya wali pale haitarudi bei yake ya zamani. Hiyo safu yake imejaa. Nilikuwa na wazo la duka dogo la pembeni la kuongezea mshahara, lakini amri ya Julai 2025 iliyowazuia wasio raia kufanya biashara kadhaa ndogo, rejareja ikiwemo, ililimaliza wazo hilo, na kusema kweli nilipomtazama dada wa genge na gunia lake la vitunguu sikuona kwamba Mkenya mmoja zaidi mezani angemsaidia.

Sasa mkataba wangu wa nyumba unaelekea ukingoni. Nimeshajua kalenda. Mtu asiyejua hungoja mkataba uishe mwishoni mwa mwaka, katikati ya pesa za korosho, wanunuzi wakitafuta vyumba na mafundi wakitafuta vyumba, akapandishiwa kodi mara moja na nusu. Mimi nilimfuata mzee mwezi wa nane, mikorosho ikiwa bado maua, nikamkuta barazani anachambua dawa alizopuliza na anazodaiwa.

"Shikamoo baba. Nimekuja tuzungumze habari ya mwaka ujao."

"Marahaba, mwanangu. Mwaka ujao uko mbali." Akanitazama chini ya kofia. "Ngoja tuone mnada wa kwanza."

"Mnada wa kwanza ukija, baba, wewe hutanijua."

Akacheka sana, akaniita Mmakonde. Tukakaa mpaka adhana ya alasiri. Mwisho tulikubaliana hivi: nitamlipa mwaka mzima sasa, pesa taslimu, kwa kodi ileile, naye amalizie deni la dawa badala ya kwenda kwa watu wa kangomba. Choo kinachovuja atakitengeneza yeye, lakini baada ya mnada, kwa sababu kabla ya hapo hana fundi wala hana saruji. Nilitaka tuandike na hilo la choo. Akasema la choo tusiliandike, tuliache kwenye imani.

Nimeliandika kwenye daftari.